Blauzi ya Mme Disebo

Mmeniomba, vijana wangu, niwaandikie namna ya kukata kola ya kanisa ikalala shingoni bila kuinua pembe. Nitawaandikia, ila mzee akishapewa kalamu hamjui atatokea wapi. Nimeacha kazi tangu macho yangu yalipoanza kuona matundu mawili kwenye sindano yenye moja. Cherehani yangu mnayo ninyi pale karakana ya Newtown, na mimi huku Berea nashinda dirishani nikisikiliza mabomba ya jirani. Mchana nikisinzia, Johannesburg yote hunipotea. Naona mahindi pande zote mbili, na treni inakwenda polepole katikati yake.

Nilifika mji huu kutoka Tanga nikiwa na mkasi mmoja na majivuno mengi. Nyumbani nilikuwa nashona kanzu na sare za shule, nikajiona fundi. Aliyenipokea ni Papa Kazadi, Mkongo wa Lubumbashi, mnene, mpole, mwenye subana ya shaba kwenye kidole cha kati ambayo sikuwahi kuiona imevuliwa, hata wakati wa kula. Kazi yake ilikuwa kushona sare za akina mama wa chama cha maombi katika miji ya wakulima huko kusini, ng'ambo ya mto Vaal. Aliniuliza najua nini. Nikamwambia najua kila kitu. Akanipa kola, na kwa muda mrefu sana hakunipa kingine.

Mnaijua sare yenyewe: blauzi nyekundu, sketi nyeusi, kola nyeupe, kofia nyeupe. Nyekundu ni damu ya Yesu, nyeusi ni dhambi, nyeupe ni usafi. Mimi ni Mwislamu na sina la kuongeza hapo, ila nawaambia kama fundi: dhambi na damu haziwapi watu shida, usafi ndio unaoinua pembe. Kola ikatwe kwa upande wa hanamu, itiwe kitambaa kigumu ndani, kisha igeuzwe na kupigwa pasi ingali na unyevu. Ukiikausha kwanza, imekushinda. Haya, hilo nimelimaliza.

Siku Papa Kazadi aliponichukua safari ya kwanza, tulipanda treni ya abiria iliyokuwa ikisimama kila mahali, hata pale ambapo hapakuwa na kitu cha kusimamia. Tulipotoka kwenye vilima vya vumbi la migodi, nchi ikafunguka. Sijapata kuona nchi tambarare namna ile. Mahindi yalikuwa yamekauka yakisubiri kuvunwa, yana rangi ya mkate, na kandokando ya reli yalichanua yale maua ya kosmosi, ya waridi na meupe, marefu hadi kwenye madirisha ya behewa. Vihenge vya nafaka vilianza kuonekana mbali, vyeupe, na vikakaa vile vile mbali kwa muda mrefu kana kwamba vinarudi nyuma. Nililala, nikaamka, vipo. Tulipovuka daraja la mto, maji ya kahawia yakipita kimya chini ya mierebi, Papa Kazadi alivua kofia. Sikumuuliza sababu, na tangu siku ile na mimi nikawa navua.

Tulishuka mji wa kwanza baada ya daraja. Stesheni, vihenge, barabara moja, duka la spaza, kanisa la mabati, na mahindi yanaanza tena. Hapo ndipo alipokuwa akikaa Mme Disebo. Mme ni mama kwa Kisotho, na kule mwanamke mzima haitwi jina tupu. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, kifua kipana, kicheko kinachoanzia tumboni. Nilitoa tepu yangu mfukoni ili niwapime akina mama waliokuwa wamekusanyika uani kwake. Papa Kazadi akanishika mkono.

"Sikiya, Rashidi," akasema. "Mu hii kazi, mwili ya mama unaiona na uzi, hapana na mukono. Kaa inje, kunywa chai."

Nikakaa nje, nikanywa chai. Mme Disebo akawaingiza wale akina mama ndani mmoja mmoja, akawapima kwa uzi wa kushonea magunia ya mahindi. Uzi mmoja kwa mtu mmoja, na vipimo vyote vinaanzia ncha ile ile. Fundo la kwanza ni upana wa mabega. La pili urefu wa mkono. La tatu kiuno. La nne kifua. Kwenye ncha alifunga kipande cha nguo kuukuu ya aliyepimwa ili tusichanganye. Bega moja likiwa chini kuliko jingine, na wengi walikuwa hivyo kwa kubeba magunia, fundo la kwanza alilifunga mara mbili. Tulirudi Johannesburg na mfuko mzima wa nyuzi.

Nilipenda utaratibu ule kuliko nilivyotegemea. Kwetu pia fundi mwanamume hamzungushii mke wa mtu tepu kiunoni, ila sisi tulikuwa tunakadiria kwa macho, na macho ndiyo yanayoleta maneno. Uzi hauleti maneno. Nilifika mahali nikawajua akina mama wa mji ule wote kwa mafundo yao, nani kanenepa, nani ana mimba na hajasema, na nikikutana nao njiani nilikuwa simjui hata mmoja.

Miaka ikaenda hivyo. Nilikuwa natoka Jumatano, maana Alhamisi ndiyo siku ya maombi ya akina mama, napeleka sare zilizokwisha na kuchukua nyuzi mpya. Papa Kazadi alipochoka kusafiri nikawa nakwenda peke yangu. Mwanamke mpya akimaliza muda wake wa kutazamwa, huvishwa blauzi mbele ya wenzake huku wanaimba, na wapo wazee niliowaona wakilia kama wachanga. Wakifa huzikwa nayo. Kwa hiyo msishone kizembe, ile nguo ina safari ndefu.

Ilinichukua muda kugundua kwamba Mme Disebo mwenyewe hana sare. Alhamisi wenzake walipokuwa wakienda kanisani wamewaka wekundu, yeye alikuwa akiwafuata nyuma na blanketi lake la kahawia. Siku moja nikamuuliza. Tulikuwa tunazungumza kwa Kisotho changu kibovu na Kizulu tulichookota wote wawili, nami hapa naandika kwa lugha yetu.

"Mimi sijafunga ndoa ya kanisani, Ntate," akasema. Ntate ni baba, nami nilikuwa Ntate kwake hata nilipokuwa kijana. "Ninaishi na Molefi tu. Asiye na ndoa havishwi."

"Si mfunge?"

"Mwambie yeye," akasema, akacheka, lakini kile kicheko hakikutoka tumboni.

Mumewe alikuwa Ntate Molefi, mkagua njia wa reli. Alitembea kwa miguu juu ya mataruma kutoka mjini hadi darajani na kurudi, na nyundo ndefu begani, akigonga reli na kusikiliza. Mrefu, mkimya, mtu wa kujibu swali la asubuhi jioni. Sikumwambia kitu. Ningeanzia wapi?

Nilimfahamu vizuri mwezi ule wa Mei wageni walipoanza kuvamiwa Alexandra, kitongoji cha Johannesburg, na moto ukaenea mji mzima. Mimi nilikuwa kule kwenye mahindi na mfuko wangu wa nyuzi. Mme Disebo alisikia redioni, akaja stesheni akanivuta mkono kutoka kwenye foleni ya tiketi. "Leo husafiri," akasema, na hata kesho yake sikusafiri. Nilikaa kwao. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na siku ya tatu kweli Ntate Molefi alinipa jembe, nikamsaidia kusafisha majani kandokando ya reli. Niliogopa sana siku zile, sitaki kuwadanganya. Kila nilipofumba macho niliona chumba changu cha Berea na mlango umevunjwa. Lakini mto ulikuwa pale, treni za mahindi zilipita ndefu zisizoisha, na yule mzee aligonga reli yake kama kawaida, na moyo wangu ukashuka kidogo kidogo.

Ni hapo darajani aliponiambia, bila kuulizwa. Mama yake alikuwa akipika pombe ya mtama. Alipokufa kanisa lilikataa kumwimbia, akazikwa na watu wanne na mbwa. "Niliapa mlango ule siuingii," akasema. "Disebo anajua. Ni mwanamke mzuri, hanisumbui." Kisha akagonga reli, akasikiliza. "Angenisumbua ningepata la kumjibu."

Baadaye treni ya abiria ikafa. Hawakuitangaza, ilianza tu kukosa siku moja, kisha mbili, mpaka watu wakaacha kuja stesheni. Mahindi nayo yakahamia kwenye malori. Papa Kazadi alikuwa amekwisha kurudi Lubumbashi kwa watoto wake, akaniachia karakana na ile subana, ambayo ilitoka kidoleni kwa sabuni. Nikawa nasafiri kwa teksi, ndiyo daladala ya huku, nimebanwa kati ya mifuko ya watu, na dereva anakimbia kiasi kwamba vihenge ukiviona umeshavipita. Sikuuona tena mto vizuri. Ukivuka kwa barabara unaona kingo za saruji tu.

Sasa nawafikisha ninapotaka.

Mwaka juzi Mme Disebo alianza kukohoa. Akadhani ni vumbi la mahindi, watu wa kule husingizia kila kitu vumbi la mahindi. Kliniki wakamwambia ni kifua kikuu, wakampa vidonge vya miezi. Nilipokwenda kumwona nilisimama mlangoni nikadhani nimeingia nyumba ya watu wengine. Kile kifua kipana kilikuwa kimeondoka. Alikuwa ndani ya blanketi, mikono kama ya binti.

"Eish, Ntate, usinitazame hivyo," akasema. "Vidonge nameza. Wanasema nitapona. Lakini wanasema tu, na mimi nafikiria." Akavuta blanketi mabegani. "Nimewapima mji mzima. Nikifa wataniweka chini na blanketi."

Ntate Molefi alikuwa ameketi pembeni ya jiko. Jioni, naambiwa, aliuliza kanisa linafunguliwa saa ngapi.

Walifunga ndoa wazee wale, mwezi uliofuata. Ntate Molefi alisimama karibu sana na mlango, wanasema, lakini upande wa ndani. Akina mama wa chama wakakaa, wakashauriana, wakakubali kwamba mtu aliyewafuata nyuma miaka yote ile ametazamwa vya kutosha. Wakapanga avishwe Alhamisi kabla ya Pasaka. Ntate Molefi akanipigia simu.

"Nani atampima?" nikauliza, maana mpimaji ndiye mgonjwa.

"Mimi ni mumewe kwa karatasi sasa," akasema. "Nitapima mimi."

Uzi ulinifikia kwa dereva wa teksi, umefungwa kipande cha gauni la bluu. Mafundo yalikuwa makubwa, ya mtu wa reli, nilipata kazi kujua yanaanzia wapi. Nikauweka mezani nikapima. Kifua kipana vilevile, mabega yale yale. Nikasema alhamdulillahi, mama amerudi mwilini. Nilishona ile blauzi kwa furaha ambayo sikuwa nimeisikia kazini kwa miaka. Kola niliirudia mara mbili ingawa ya kwanza haikuwa na kosa.

Nilifika Alhamisi asubuhi. Kosmosi zilikuwa zimechanua kwenye reli iliyoota kutu, hata katikati ya mataruma. Mme Disebo aliingia chumbani na mama mkuu wa chama, akavaa, akatoka kunionyesha. Blauzi ilimmeza. Kwapa za blauzi zilining'inia karibu na viwiko, kola ilikaa kama sahani. Alikuwa amekonda vilevile kama nilivyomwacha. Alijitazama, akatutazama sisi, na uso wake ukaanza kuvunjika.

Mama mkuu ndiye aliyeokoa. "Molefi," akasema, "ulimpima juu ya blanketi?"

Akina mama waliokuwa uani wakacheka mpaka wakashikana. Ndiyo, hilo ni kosa ambalo Msotho mwanamume angelifanya, kule blanketi halivuliwi kwa baridi wala kwa mgeni. Mme Disebo naye akacheka, akakohoa, akacheka tena. Ntate Molefi akainamisha kichwa. "Ilikuwa baridi," akasema.

Nikasema naweza kuirekebisha, ila ipigwe pini mwilini, na mimi simgusi. Tukaingia jikoni watatu. Mme Disebo akasimama ameshikilia kiti, mimi nikasimama mlangoni, nikawa namwelekeza mumewe. Bana hapo chini ya kwapa. Kidogo tena. Sasa pini, ielekeze chini isimchome. Ile mikono iliyoshika nyundo maisha yote ilikuwa inafuata neno langu. Alipiga pini kutoka kwapani hadi kiunoni, pande zote mbili, na kila pini alisimama kidogo, kichwa upande, kama mtu anayesikiliza.

Blauzi ikavuliwa, ikaletwa nje kwangu. Nikakaa kwenye ngazi nikapiga bandi, ule mshono mrefu wa kushikilia tu, kisha nikachukua mkasi. Mnajua kanuni yangu, kitambaa kinachozidi mshono kinakatwa, la sivyo kinajaa kwapani na nguo inakaa vibaya. Ntate Molefi akaweka kiganja chake juu ya mkasi.

"Usikate, Ntate."

"Itajaa kwapani."

"Ijae." Akatazama mlango, akashusha sauti. "Blanketi halikuwepo. Nilimpima mara ya kwanza kama alivyo. Nikaangalia mafundo yale yalivyokaribiana, nikayafumua. Nikachukua gauni lake la bluu, la zamani, nikalitandaza kitandani, nikapima lile."

Machozi yalinitoka, nikajifanya naangalia uzi.

"Mnanong'ona nini huko nje?" Mme Disebo akaita kutoka jikoni. "Watu wameshaanza kuimba."

Nikauweka mkasi chini. Nilishona kwa mkono, mistari miwili kila ubavu. Mstari wa ndani kabisa ulifuata pini, kipimo cha siku ile. Mstari wa pili niliupitisha katikati, kati ya pini na mshono wangu wa kwanza wa cherehani, nao ule wa kwanza nikauacha ulivyo. Kitambaa chote kilichozidi nikakilaza ndani. Ni kazi mbaya, mkiiona mtanicheka. Mme Disebo aliivaa akapita mbele yangu kwenda kanisani, na safari hii hakuwa nyuma. Mimi nilibaki nje chini ya dirisha, ndiko kwangu. Ntate Molefi aliingia. Wimbo ulipopanda, kile kicheko cha tumboni cha Mme Disebo nilikisikia katikati ya sauti zote, akicheka au akilia, kupitia mabati.

Kabla sijawakabidhi funguo, mwishoni mwa majira ya baridi, dereva wa teksi aliniletea kifurushi. Ndani yake kulikuwa na blauzi, na uzi wa gunia wenye mafundo madogo, nadhifu, ambayo ningeyatambua gizani. Hakuweka maneno mengine. Nikalaza uzi juu ya nguo, nikalinganisha, nikaona mwili umefika mstari wa pili, kisha nikachukua wembe nikafumua mstari wa ndani, pande zote mbili, nikapiga pasi, nikairudisha. Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho.

Kwa hiyo sikilizeni, maana kola mngejifunza kwa yeyote. Ikiletwa pale karakana blauzi nyekundu kuukuu, imejaa kwapani, imeshonwa ovyo kwa mkono, msimtukane fundi wake mbele ya mwenye kuileta, na mkasi uwekeni mbali. Fumueni mstari wa pili. Hapo mtakuwa mmefika pale Ntate Molefi alipopima.